Kanisa la Mbombwe: Historia ya Wabaptisti wa Chiradzulu, Malawi

Mahali na majirani

Chiradzulu ni wilaya ya kusini mwa Malawi, katika nyanda za juu za Shire, mwendo mfupi kaskazini-mashariki ya jiji la Blantyre. Chini ya mlima wenye jina hilo kuna vijiji vya Wayao, Wamang'anja na Walomwe. Katika kijiji kimoja, Mbombwe, kuna kanisa la Wabaptisti lililoanzishwa mwaka 1900. Jina lake ni Providence Industrial Mission, na wengi hulijua kwa herufi tatu tu, PIM. Sifa yake imetokana zaidi na siku kumi na mbili za mwaka 1915, siku ambazo washirika wake walishika silaha dhidi ya utawala wa Waingereza, wakashindwa, na mchungaji wao akauawa. Siku hizo ni kubwa katika historia ya Afrika. Lakini kanisa lilikuwa limefanya kazi miaka kumi na mitano kabla yake, na limeishi zaidi ya karne moja baada yake. Anayetaka kuelewa kwa nini watu wa Mbombwe walipigana, na kwa nini kanisa lao halikufa, hana budi kuisoma miaka hiyo yote kwa pamoja.

Eneo hilo lilikuwa limefungamana na pwani ya Afrika Mashariki tangu zamani. Wayao walikuwa wafanyabiashara wa misafara, na njia zao zilishuka hadi Kilwa na bandari nyingine za Bahari ya Hindi, zikipeleka pembe za ndovu na watumwa na kurudi na nguo, shanga na bunduki. Mwaka 1861 wamisionari wa Kianglikana wa UMCA, wakiongozwa na Askofu Charles Mackenzie, walifanya makao Magomero, jirani ya Chiradzulu. Vita na maradhi viliwashinda. Mackenzie alifariki Januari 1862, na waliobaki wakaondoka. Mwaka 1864 makao ya misheni yakahamia Zanzibar, ambako baadaye lilijengwa kanisa kuu la Mkunazini. Hivyo misheni iliyoacha alama kubwa Unguja na pwani ya Tanganyika ilianza kwa kushindwa katika vilima hivi. Jina la Magomero litarudi katika historia ya Mbombwe kwa sababu nyingine kabisa.

Uingereza ilitangaza himaya katika nchi hiyo mwaka 1891, na kuanzia 1907 ikaitwa Nyasaland. Katika miaka ya mwanzo walowezi na makampuni walijipatia zaidi ya ekari 800,000 katika nyanda za juu za Shire, na humo mlikuwa na sehemu kubwa ya ardhi yenye rutuba. Watu waliokuwa wakiishi humo waliamka siku moja wakiwa wapangaji katika mashamba ya wazee wao.

Mwalimu na mwanafunzi

Mwaka 1892 alifika Blantyre Mwingereza mmoja, Joseph Booth, mmisionari wa Kibaptisti asiyefanana na wenzake. Alianzisha Zambezi Industrial Mission huko Mitsidi kwa imani kwamba misheni inapaswa kujilisha kwa kilimo, hasa cha kahawa, badala ya kungoja michango ya Ulaya. Booth aliwalipa vibarua ujira uliowaudhi walowezi, alisema waziwazi kwamba ardhi inachukuliwa kwa dhuluma, na mwaka 1897 alichapisha kitabu kilichodai kwamba Afrika ni mali ya Waafrika. Serikali ilimwona kuwa mtu wa hatari, na miaka michache baadaye ikamfukuza nchini.

Miongoni mwa watu wa kwanza kumwendea kuomba kazi alikuwa kijana John Chilembwe. Alizaliwa Chiradzulu mnamo 1871. Baba yake alikuwa Myao na mama yake Mmang'anja. Alikuwa amesoma kidogo katika misheni ya Waskoti wa Blantyre. Kwa Booth alipika, alitafsiri na kulea watoto, na tarehe 17 Julai 1893 alibatizwa.

Ubatizo huo una uzito katika historia hii. Wabaptisti walianza mwaka 1609 huko Amsterdam, miongoni mwa wakimbizi wa Kiingereza walioongozwa na John Smyth. Mambo mawili huwatambulisha. La kwanza ni kwamba anayebatizwa ni mtu aliyeamini kwa hiari yake, naye huzamishwa majini mwili mzima. La pili ni kwamba kila kanisa la mahali hujitawala. Halina askofu juu yake. Washirika hukutana, humchagua mchungaji na mashemasi, huwapokea wapya, huwarudi waliokosea, na huamua matumizi ya sadaka. Makanisa hushirikiana kwa mapatano, si kwa amri. Katika nchi ambayo Mwafrika hakuwa na sauti serikalini wala shambani, na ambayo hata misheni ziliongozwa na wazungu, mafundisho hayo yalimpa mwanakijiji kitu ambacho hakukipata kwingine: kikao ambacho neno lake lilihesabiwa.

Lynchburg

Mwaka 1897 Booth alisafiri na Chilembwe hadi Marekani. Katika miji ya Virginia mzungu na Mwafrika waliotembea pamoja na kulala nyumba moja walisumbuliwa barabarani. Muda si mrefu wakaachana, na Chilembwe akapokewa na Wabaptisti weusi wa Marekani. Makanisa yao yalikuwa yameungana mwaka 1895 huko Atlanta na kuunda National Baptist Convention, na katibu wa bodi yao ya misheni za nje, Lewis G. Jordan, alitafuta watu wa kupeleka Afrika. Chilembwe aliingizwa katika Virginia Theological Seminary and College mjini Lynchburg, chuo kilichoongozwa na Gregory W. Hayes.

Chuo hicho kilikuwa shule ya theolojia na shule ya heshima kwa wakati mmoja. Hayes alitetea kwamba Wamarekani weusi waendeshe vyuo vyao wenyewe na wafundishwe elimu ya juu, si ufundi wa mikono peke yake. Nje ya kuta za chuo mambo yalikuwa magumu: mwaka 1898, katika jimbo jirani la North Carolina, wazungu wenye silaha waliupindua uongozi wa mji wa Wilmington na kuwaua raia weusi. Chilembwe aliona watu waliotoka utumwani miaka thelathini na mitano tu iliyopita wakiwa na makanisa, magazeti, biashara na vyuo vyao. Akaona pia jinsi walivyonyang'anywa haki kwa nguvu. Akawekwa wakfu kuwa mchungaji, na mwaka 1900 akarudi nyumbani amevaa suti, ana kanisa kubwa la ng'ambo nyuma yake.

Ekari tisini na tatu

Jambo la kwanza alilolifanya liliweka msingi wa yote yaliyofuata: alinunua ardhi. Eneo la Mbombwe lilikuwa na ekari 93. Ukilinganisha na mashamba ya walowezi, lilikuwa dogo mno. Lakini lilikuwa na hati, na aliyesimama juu yake hakuwa mpangaji wa mtu. Misheni nyingine zilikuwa na ardhi kubwa zaidi, ila mwenye ardhi alikuwa mzungu. Hapa mchungaji, mwalimu, fundi na mwenye hati walikuwa Waafrika.

Wabaptisti weusi wa Marekani walituma wasaidizi. Mchungaji Landon N. Cheek alifika mwaka 1901, na Emma B. DeLany mwaka 1902. Cheek alimwoa mpwa wa Chilembwe na kuwa ndugu wa kijiji. DeLany alifundisha wasichana na kulea vijana waliohudumu nyumbani kwake, mmoja wao akiwa mvulana Daniel Malekebu, ambaye baadaye angeliokoa kanisa. DeLany aliondoka mwaka 1905 na Cheek mwaka 1906, na tangu hapo kazi ikabaki mikononi mwa wenyeji. Msaada wa fedha kutoka Marekani uliendelea, lakini haukuwa mkubwa wala wa uhakika. Mbombwe ililazimika kujitegemea, na kujitegemea huko kukawa tabia yake.

Maisha ya kanisa

Kanisa lilikua kwa njia tatu: mahubiri, shule na mashamba. Waliotaka kubatizwa walifundishwa kwanza, kisha wakazamishwa katika maji ya mto mbele ya jamaa na majirani. Aliyetoka majini alijiunga na kundi lililokuwa na nidhamu kali. Chilembwe alipiga vita ulevi, alisisitiza usafi wa mwili na nyumba, na alifundisha kwamba kazi ya mikono ni sehemu ya ibada. Misheni ililima kahawa, pamba na vyakula, kwa faida ya mfuko wake na pia ili mwanafunzi ajue kwamba ardhi inaweza kumlisha mwenyewe bila bwana.

Mke wa mchungaji, Ida Chilembwe, aliongoza kazi ya wanawake. Alifundisha kushona nguo na malezi ya nyumba, na alitetea elimu ya wasichana wakati ambapo wengi waliona shule ni ya wavulana. Wanawake wa Mbombwe walianza kujulikana kwa magauni waliyoshona wenyewe.

Mavazi hayo hayakuwa jambo dogo. Katika nyanda za juu za Shire ilikuwa desturi iliyolazimishwa kwamba Mwafrika avue kofia anapokutana na mzungu, na aliyevaa suti au viatu aliweza kuulizwa kwa ukali anajifanya nani. Watu wa Mbombwe walikwenda ibadani wamevaa suti, kofia, magauni na viatu, kwa sababu mchungaji wao aliwafundisha kwamba mtu aliyeumbwa kwa mfano wa Mungu hana sababu ya kujidhalilisha mbele ya mtu mwingine. Walowezi waliyaona hayo kuwa ufedhuli. Kwa washirika yalikuwa matunda ya imani.

Shule ndizo zilizoeneza jina la kanisa. Kufikia mwaka 1912 misheni ilikuwa na shule saba zenye wanafunzi kati ya 900 na 1,000, wakiwamo watu wazima waliotaka kusoma Biblia na kujua hesabu. Walimu walikuwa Waafrika. Washirika waliobatizwa walikuwa mamia. Kuwazunguka walikuwapo watu waliokwisha kupata njia yao ya maisha: wakulima wenye mashamba yao, wenye maduka, mafundi, na wasomi wa misheni nyingine. Duncan Njilima alikuwa mfanyabiashara. John Gray Kufa alikuwa amefunzwa utabibu katika misheni ya Blantyre. David Kaduya alikuwa askari wa zamani wa King's African Rifles. Watu hao walikuwa na elimu na mali, ila mlango wa heshima ulifungwa usoni mwao.

Mwaka 1911 kanisa lilianza kujenga nyumba ya ibada iliyolingana na imani yake. Washirika walifyatua matofali, wakayachoma, wakayabeba na kuyapanga. Jengo lilifunguliwa mwaka 1913 na kuitwa Yerusalemu Mpya. Lilikuwa kubwa, lenye minara, na lilionekana kutoka mbali. Gharama yake ilimwachia mchungaji madeni, naye wakati huo alikuwa akisumbuliwa na pumu na macho yaliyoanza kufifia. Hata hivyo, hakuna kitu kingine katika wilaya hiyo kilichosema kwa uwazi kama jengo hilo kwamba Waafrika wanaweza kupanga, kuchanga na kumaliza kazi kubwa bila msimamizi wa kizungu.

Magomero

Mpakani mwa eneo la kanisa kulikuwa na shamba la A. L. Bruce Estates, lenye ekari zaidi ya 160,000, na makao yake yalikuwa Magomero, pale pale walipokaa wamisionari wa 1861. Mwenye mali, Alexander Livingstone Bruce, alikuwa mjukuu wa David Livingstone. Meneja wake aliitwa William Jervis Livingstone, Mskoti aliyekuwa maarufu kwa ukali.

Ndani ya shamba hilo kulitawala utaratibu ulioitwa thangata. Mpangaji alilipa kodi ya kukaa kwa kufanya kazi shambani, na alifanya kazi nyingine ili bwana amlipie kodi ya serikali. Kwa desturi ya awali hiyo ilikuwa kazi ya miezi miwili. Kadiri pamba ilivyopanuliwa, miezi iliongezeka, na iliangukia majira ya mvua, wakati ambao mkulima hana budi kuwa kwenye shamba lake. Wengi waliobanwa zaidi walikuwa Walomwe waliokimbia kazi za kulazimishwa katika Msumbiji ya Wareno. Walikuja bila ardhi na bila mfalme wa kuwatetea, wakapewa mahali pa kujenga kibanda kwa sharti la thangata. Mwaka 1912 serikali ilipandisha kodi, na mwaka 1913 ukame ukaleta njaa.

Watu hao ndio waliojaza makanisa madogo ya Mbombwe. Walijenga nyumba za sala za miti na nyasi ndani ya shamba la Bruce, wakaweka mwalimu wa kuwafundisha jioni. Meneja Livingstone alikataa kabisa kuwapo kwa makanisa na shule hizo katika ardhi ya kampuni, na aliamuru zichomwe. Kila nyumba ya sala iliyoteketezwa iliwapa washirika ujumbe kwamba hata kuomba kwao kunahitaji ruhusa ya mwenye shamba. Mgogoro wa ardhi, wa kazi na wa dhamira ukawa mgogoro mmoja.

Vita

Mnamo Agosti 1914 Vita Kuu ya Kwanza vilifika Afrika. Nyasaland ilipakana na Afrika Mashariki ya Kijerumani, yaani Tanzania Bara ya leo pamoja na Rwanda na Burundi, na mapigano makubwa ya kwanza yalitokea Karonga, kaskazini, tarehe 9 Septemba 1914. Askari Waafrika wengi walikufa. Wapagazi wakaanza kukusanywa, watu ambao Nyasaland waliitwa tengatenga na ambao wenzao wa upande wa kaskazini kumbukumbu yao imebaki katika jina la Kariakoo. Novemba mwaka huo Chilembwe aliandika barua kwa gazeti la Nyasaland Times. Aliuliza kwa nini Mwafrika, ambaye wakati wa amani hana haki wala heshima, aitwe kumwaga damu katika ugomvi usiomhusu. Akataka matajiri na walowezi waende wao. Serikali ililizuia toleo hilo lisisambazwe. Njia ya maneno ilikuwa imefungwa.

Usiku wa Jumamosi, tarehe 23 Januari 1915, washirika wa Mbombwe waligawanyika katika makundi. Kundi moja lilikwenda Magomero, likamuua Livingstone kwa kumkata kichwa, na wazungu wengine wawili wakauawa. Wanawake na watoto wa kizungu walichukuliwa, lakini walikuwa wameagizwa wasiguswe, wakarudishwa salama. Kundi jingine lilivamia ghala la African Lakes Company huko Blantyre kutafuta silaha, likapata bunduki chache tu. Huko Ncheu, Filipo Chinyama alikusanya watu wake, lakini alikamatwa kabla ya kuungana na wenzake. Chilembwe alikuwa pia amemtuma mjumbe, Yotam Bango, kupeleka barua kwa Wajerumani wa Tunduru. Msaada wowote kutoka huko usingeweza kufika kwa wakati.

Jumapili asubuhi ibada iliendeshwa katika Yerusalemu Mpya kama kawaida ya siku hiyo. Taarifa za wakati huo zinaeleza kwamba kichwa cha Livingstone kilikuwa kimewekwa kanisani juu ya mti. Ni tendo zito, na historia ya kanisa hili haina sababu ya kulificha wala kulipamba. Wananchi wengi waliotarajiwa kuinuka hawakuinuka. Tarehe 26 Januari askari wa King's African Rifles waliingia Mbombwe wakaikuta karibu tupu. Siku hiyo hiyo kundi la wapiganaji lilishambulia misheni ya Wakatoliki ya Nguludi na kumjeruhi padri. Hilo lilikuwa shambulio la mwisho.

Askari walililipua kanisa kwa baruti. Chilembwe alikimbilia upande wa Msumbiji na kupigwa risasi tarehe 3 Februari 1915 karibu na mpaka. Mahakama za haraka zilihukumu. Watu wapatao 40 walinyongwa au kupigwa risasi, na wapatao 300 walifungwa.

Miaka kumi na moja ya kimya

Tume ya uchunguzi ilikaa, na ripoti yake ikatolewa mwaka 1916. Ililaumu elimu na mahubiri ya makanisa huru, lakini haikuweza kukwepa kuutaja utawala wa shamba la Magomero kuwa sababu mojawapo ya machafuko. Matokeo yake hayakulingana. Masharti juu ya makanisa na shule za Waafrika yalikazwa mara moja, na hata makanisa madogo yasiyoshiriki vita yalibanwa au kufungwa. Thangata yenyewe iliendelea kwa sura mbalimbali hadi karibu na uhuru.

Ardhi ya Mbombwe ilichukuliwa, shule zilifungwa, na mafundisho ya PIM yalipigwa marufuku. Waliobaki walikuwa wajane wa walionyongwa, wafungwa, wakimbizi wa Msumbiji, na washirika waliotawanyika vijijini wakijua kwamba kulitaja jina la mchungaji wao kunaweza kuwaletea mashaka. Kwa kipimo cha serikali kanisa lilikuwa limekwisha: halikuwa na jengo, halikuwa na kiongozi, halikuwa na hati ya ardhi.

Hapa ndipo mafundisho ya Kibaptisti yalipoonyesha nguvu yake. Kanisa linalomtegemea askofu hutikisika askofu anapoondolewa. Kanisa linalojengwa juu ya waamini waliobatizwa, kila mmoja akijua kwamba yeye ni kanisa pamoja na wenzake, ni vigumu kulifuta kwa amri. Watu waliojifunza kusoma Mbombwe hawakusahau kusoma. Waliobatizwa hawakuacha kuwa wamebatizwa. Mlango ulipofunguliwa tena, kulikuwa na watu wa kuingia.

Daktari Malekebu

Aliyeufungua alikuwa yule mvulana wa nyumbani kwa DeLany. Daniel Malekebu alimfuata mwalimu wake hadi Marekani akiwa kijana, akasoma kwa msaada wa makanisa ya weusi, na mwaka 1917 akahitimu udaktari katika Meharry Medical College, Nashville. Alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kabisa wa nchi yake kupata shahada ya udaktari. Miaka ishirini baadaye Hastings Kamuzu Banda angehitimu katika chuo hicho hicho. Mke wake, Flora Zeto, alizaliwa Kongo na kusomea Spelman, Atlanta.

Wawili hao walitaka kurudi Chiradzulu mara baada ya vita, lakini serikali ya Nyasaland iliwakatalia, wakaenda kuhudumu Liberia kwa muda. National Baptist Convention iliendelea kuomba. Mwaka 1926 ruhusa ilitolewa, na Malekebu akapokelewa na waumini waliokuwa wamesubiri miaka kumi na moja. Alirudi kwa masharti ya utii, na kwa miaka yote ya uongozi wake alitembea kwa tahadhari. Wapo waliomwona mpole mno mbele ya serikali. Lakini alikuwa na kazi ambayo mtangulizi wake hakuiacha ikiwa imekamilika: kuwarudishia watu waliojeruhiwa shule, zahanati na mahali pa kusali, na kuhakikisha havichukuliwi tena.

Alitibu wagonjwa na kuhubiri. Flora alifundisha wanawake na wasichana, akiendeleza kazi aliyoianza Ida. Mwaka 1928 ujenzi wa kanisa jipya ulianza, tena kwa matofali ya kuchoma na kwa nguvu za washirika, na mwaka 1933 ulikamilika. Malekebu aliongoza pia chama cha wenyeji wa wilaya ya Chiradzulu, kilichopeleka maombi ya wananchi serikalini kwa njia iliyoruhusiwa na sheria. Matawi yakaenea katika wilaya nyingine, na waumini waliovuka mpaka kwenda Msumbiji na kwenye migodi ya kusini wakabeba imani yao.

Uongozi wa muda mrefu una matatizo yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mvutano juu ya nani arithi madaraka uliligawa kanisa, na Malekebu mzee akajitenga na kundi alilolijenga. Migawanyiko ya namna hiyo si migeni kwa Wabaptisti: uhuru wa kanisa la mahali hulinda dhamira, na hufungua pia mlango wa kutengana. Malekebu alifariki mwaka 1978.

Kanisa katika Malawi huru

Malawi ilipata uhuru tarehe 6 Julai 1964. Tangu katikati ya miaka ya 1990, tarehe 15 Januari ni sikukuu ya taifa, Siku ya Chilembwe, na viongozi wa nchi hufika Mbombwe kushiriki ibada pamoja na washirika. Sura ya Chilembwe imechapwa kwenye noti za kwacha. Mwaka 2022 sanamu ya Samson Kambalu, Mmalawi, ilisimamishwa katika uwanja wa Trafalgar mjini London. Inaonyesha picha iliyopigwa mwaka 1914 mbele ya kanisa la Mbombwe, Chilembwe akiwa amevaa kofia kando ya mmisionari wa Kiingereza, John Chorley. Katika sanamu hiyo Chilembwe ni mkubwa zaidi sana kuliko mwenzake. Kofia ile aliyoamriwa kuivua imebaki kichwani.

Heshima za taifa zina hatari moja kwa historia ya kanisa. Zinamkuza mtu mmoja na kuwasahau mamia waliochoma matofali, waliofundisha kwa taa ya mafuta, waliojenga upya nyumba ya sala iliyochomwa wakijua itachomwa tena. Chilembwe hangeweza kuwa Chilembwe bila washirika hao, na Malekebu hangekuwa na kanisa la kulirudia kama wao wangekata tamaa.

Mambo matatu yanajitokeza katika historia hii. Kwanza, kanisa la shambani linaweza kuwa shule ya uraia: kikao cha washirika, mfuko wa sadaka na uchaguzi wa mashemasi viliwafundisha watu wa Chiradzulu kujiendesha zaidi ya nusu karne kabla ya uhuru. Pili, umiliki wa ardhi, hata ekari 93 tu, hubadili namna mtu anavyosimama mbele ya wenye nguvu. Nyumba za sala zilizokuwa kwenye ardhi ya bwana zilichomwa kwa amri ya meneja mmoja, lakini ile iliyokuwa kwenye ardhi ya kanisa ilihitaji jeshi kuiangusha. Tatu, jengo na kiongozi ni vitu vinavyoweza kuondolewa kwa siku moja, na elimu iliyomo vichwani mwa watu haiondolewi. Utawala uliolipua Yerusalemu Mpya mwaka 1915 ulidumu miaka mingine arobaini na tisa. Kanisa la Mbombwe lingali linakusanyika kila Jumapili.